Wanaopigwa leza ya retina waelezwe kabla ya kutiwa matone

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalowakuta wagonjwa wengi wa kisukari wakiwa hawajaandaliwa, nalo ni kipindi kinachofuata baada ya retina kutibiwa kwa mionzi ya leza. Mimi mwenyewe nimepigwa leza macho yote mawili, vikao vinne katika muda wa miezi mitatu, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyapitia pamoja na yale ambayo madaktari walinieleza kwa uvumilivu pale nilipojifunza kuuliza.

Siku ya kikao cha kwanza nilitiwa matone ya kutanua mboni, nikakaa kwenye benchi hadi mboni zilipofunguka, nikatibiwa, kisha nikakabidhiwa karatasi yenye maelezo ya namna ya kujitunza nyumbani. Maandishi yake yalikuwa madogo, na kwa wakati ule nilikuwa siwezi kusoma hata jina langu mwenyewe, kwa sababu matone yale hulegeza pia msuli unaoliwezesha jicho kuona vitu vya karibu. Niliikunja karatasi, nikaitia mfuko wa shati, nikaondoka na imani niliyojijengea mwenyewe kwamba baada ya siku chache nitaona vizuri kuliko nilivyokuwa nikiona kabla ya tiba. Hakuna aliyeniahidi hivyo. Lakini pia hakuna aliyeniuliza ninatarajia nini, na imani ile nusura inipotezee macho.

Kwa msomaji asiyeufahamu ugonjwa wenyewe, retina ni utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara zinazopelekwa ubongoni. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huiharibu mishipa midogo ya damu inayoulisha utando huo, mingine ikavuja na mingine ikaziba. Sehemu zinazokosa oksijeni hutoa kemikali inayochochea mishipa mipya kuota, nayo huota kweli, ila ni mishipa dhaifu inayopasuka kwa urahisi na kumwaga damu katika ute uliojaa ndani ya jicho, au huandamana na makovu yanayoivuta retina hadi ikabanduka kutoka mahali pake. Tiba ya leza ninayoizungumzia huchoma vidoa vidogo vidogo kwenye kingo za retina, mara nyingi zaidi ya elfu moja kwa jicho moja, huku daktari akiiepuka makula, yaani sehemu ya katikati tunayoitumia kusomea na kutambua sura za watu. Sehemu iliyochomwa haihitaji tena oksijeni nyingi, ile kemikali hupungua, na katika wiki zinazofuata mishipa mibaya hunywea. Daktari anazitoa kingo ili aokoe katikati.

Wazo la kuichoma retina kwa nia ya kuiokoa linaweza kumtia mtu hofu, na mimi lilinitia hofu hadi nilipojua lilikotoka. Daktari Mjerumani, Gerhard Meyer-Schwickerath, aliwachunguza watu waliounguzwa macho kwa kutazama kupatwa kwa jua mwaka 1945, akaona kwamba mwanga ulikuwa umeacha kovu dogo kwenye retina, akajiuliza kama kovu la namna hiyo haliwezi kutengenezwa kwa makusudi pale linapohitajika. Alianza kwa kutumia mwanga wa jua lenyewe, baadaye taa kali ya gesi ya zenoni, na baada ya leza ya kwanza kuwashwa nchini Marekani mwaka 1960, madaktari wa macho walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuona manufaa yake. Mwaka 1976 utafiti mkubwa uliofanyika Marekani ulitangaza kwamba, kwa wagonjwa wa kisukari wenye mishipa mibaya ya aina hii, leza ilipunguza hatari ya kupoteza uwezo wa kuona kwa kiwango kikubwa kwa zaidi ya nusu. Ninaomba msomaji ayatazame vizuri maneno hayo: kilichopimwa ni upotevu uliozuiwa. Utafiti ule haukumwahidi mgonjwa kwamba ataiona mistari ya chini ya ubao wa herufi ambayo alikuwa haioni jana yake, na hapo ndipo penye kiini cha barua yangu.

Sasa nieleze siku yenyewe na zile zilizofuata, maana ndizo ambazo mgonjwa mpya huzitafutia maelezo asiyapate. Unakaa mbele ya darubini, kidevu kikiwa kimeegemea mahali pake, jicho likiwa limetiwa matone ya ganzi, na daktari anaweka lenzi juu ya jicho ili lisifumbe. Mipigo huja kama vimulimuli vikali vya kijani. Mingi yake sikuihisi kabisa, lakini ile iliyoangukia pembeni, upande wa kulia na wa kushoto ambako mishipa ya fahamu hupita, ilikuwa kama mchomo wa sindano nyuma ya jicho. Ni vyema mgonjwa ajue kwamba anaruhusiwa kumwambia daktari asimame kidogo, na kwamba ganzi inaweza kuongezwa. Mimi nililijua hilo katika kikao cha tatu tu, baada ya kuvumilia viwili vilivyotangulia kwa kudhani kwamba maumivu ni sehemu ya malipo.

Ukishuka kwenye kiti, jicho lililotibiwa linakuwa gizani kwa dakika kadhaa kwa sababu ya ule mwanga mkali, kisha vitu vinarudi vikiwa na rangi ya zambarau iliyopauka, kisha ukungu. Mboni hubaki wazi kwa saa kadhaa, mwanga wa nje unaumiza, na hakuna hali yoyote ambayo mtu huyu anapaswa kuendesha chombo cha moto siku hiyo. Jioni nilipata maumivu ya kichwa upande wa jicho lililotibiwa, yakatulia kwa dawa ya kawaida ya maumivu. Kesho yake niliamka jicho likiwa limewiva kidogo na linakwaruza, hali iliyokwisha ndani ya siku mbili. Hadi hapo mambo yalikuwa mepesi, na mtu angeweza kudhani kwamba kupona kumekamilika.

Ugumu ulianza wiki ya pili. Maandishi yaliyokuwa yakisomeka kabla ya tiba yakawa na ukungu, hasa asubuhi. Nikiingia ndani kutoka juani ilinibidi nisimame mlangoni kwa muda nikingoja macho yazoee, jambo ambalo halikuwa hivyo zamani. Wakati wa magharibi, saa ambayo wengine bado wanaona bila taabu, mimi nilikuwa naikosa ngazi ya mwisho, na mtu aliyekuja kutoka pembeni alinishtua kwa kuwa sikumwona hadi aliponifikia. Nilihesabu kwamba leza imeniharibu. Baada ya kikao cha pili hali ilizidi kidogo, nikaamua moyoni kwamba cha tatu sikiendei, wala sikumwambia mtu.

Kilichonirudisha ni ile karatasi. Dada yangu aliikuta katika shati alipokuwa akitaka kulifua, akanisomea kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Iliandikwa humo, kwa lugha nyepesi kabisa, kwamba uwezo wa kuona unaweza kupungua kwa wiki kadhaa, kwamba kuona usiku na kuona pembeni kunaweza kupungua moja kwa moja, na kwamba mgonjwa asikatishe vikao kwa sababu hiyo bila kuzungumza na daktari wake. Yote niliyokuwa nikiyaona kama ushahidi wa tiba kushindwa yalikuwa yametajwa mapema. Nilikaa kimya kwa muda mrefu, Mhariri, nikiwaza kwamba maneno ambayo yangenipa usingizi kwa mwezi mzima yalikuwa yananing'inia ukutani ndani ya mfuko wa shati.

Nilipokwenda kikao cha tatu nilimwomba daktari anieleze sababu, naye alinieleza kwa dakika zisizozidi tano. Seli zinazotuwezesha kuona kwenye mwanga hafifu zimejaa zaidi nje ya katikati ya retina, na huko ndiko leza inakopita. Kwa hiyo giza linakuwa zito zaidi na uwanja wa kuona hupungua kwa kiasi ambacho hutofautiana baina ya mtu na mtu. Ule ukungu wa kusoma ulitokana na makula kuvimba kidogo baada ya leza, jambo ambalo hutokea na mara nyingi hupungua lenyewe katika wiki kadhaa, na lisipopungua yapo matibabu yake, ikiwemo sindano za dawa ndani ya jicho. Kwangu ulipungua kati ya wiki ya sita na ya nane. Uwezo wa kuona gizani haukurudi kama zamani, nami nimejifunza kuishi nao: natembea na tochi, nimeweka taa kwenye ngazi, na usiku siendeshi gari. Hapa ninaongeza kwamba baadhi ya nchi humtaka dereva aliyepigwa leza macho yote mawili aitaarifu mamlaka ya leseni na apimwe uwanja wa kuona, na hata pale ambapo sheria haisemi hivyo, nadhani mtu mwenye kujali maisha ya wenzake atakwenda kupimwa kwa hiari yake.

Si kila mtu ana dada wa kumfulia shati. Katika benchi la kungojea nilikutana na mzee mmoja aliyekuwa amepigwa leza mara moja na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili. Alirudi baada ya miezi saba. Aliniambia, “Mwanangu, niliona macho yanazidi kuwa mabaya, nikasema basi, nisiendelee kuyachomesha.” Siku aliyorudi jicho lake lilikuwa limejaa damu, na damu ikishajaa mwanga wa leza haupenyi kuifikia retina, kwa hiyo jambo ambalo lingemalizwa akiwa amekaa kitini sasa lilihitaji upasuaji wa kuutoa ute wa jicho. Mzee yule hakuwa mzembe. Alifanya uamuzi ambao mtu yeyote mwenye akili timamu angeufanya kwa taarifa alizokuwa nazo, na mimi nilikuwa njiani kuufanya uamuzi uleule.

Napenda pia kuwatenganisha wagonjwa wa aina yangu na wale wanaopigwa leza kwa sababu ya mchaniko wa retina, kwa kuwa mara nyingi tunakaa benchi moja na kupeana ushauri usiotufaa. Mwenye mchaniko si lazima awe na kisukari. Ute wa jicho hujikunyata kadiri umri unavyosonga, na unapojitenga na retina unaweza kuichana. Leza kwake huchomwa kuzunguka tundu tu, kama mshono wa kuzunguka kiraka, ili maji ya ndani ya jicho yasipenye chini ya retina na kuibandua. Kovu hilo halikazi siku ileile. Huanza kushika mapema, lakini huchukua takribani siku 10 hadi 14 kufikia uimara wake, na ndiyo maana daktari humtaka mtu huyu arudi kuangaliwa baada ya wiki moja au mbili na anaweza kumzuia kunyanyua vitu vizito au kufanya michezo ya kurukaruka kwa kipindi hicho. Yale madoa meusi yanayoelea machoni hayaondolewi na leza hii, kwa kuwa yamo kwenye ute na leza imechomwa kwenye retina. Mtu anayengoja yatoweke kesho yake atahangaika bure. Kwa kawaida hufifia polepole kwa wiki na miezi.

Dalili za hatari, hata hivyo, ni zetu sote. Madoa yanayoelea yakiongezeka ghafla, vimulimuli vipya vikianza kuonekana pembeni hata ukiwa umefumba macho, kivuli kama pazia kikishuka au kupanda upande mmoja wa jicho, uwezo wa kuona ukitoweka ghafla, au jicho likiuma sana na kuwa jekundu, mtu huyo aende hospitali siku hiyohiyo. Nalisisitiza hili kwa sababu retina yenyewe haina hisia za maumivu. Inaweza kubanduka mtu akiwa anakula na familia yake asihisi lolote isipokuwa kivuli, na wengi wetu tumezoea kuupima uzito wa ugonjwa kwa maumivu, tukiambiana kwamba lisiloumiza linaweza kungoja hadi wiki ijayo.

Kuna jambo jingine ambalo hutajwa haraka haraka mlangoni. Leza haiutibu ugonjwa wa kisukari. Sukari na presha vikiachwa juu, mishipa itaendelea kuharibika, na macho yaliyotulia yanaweza kuamka tena. Lakini pia mgonjwa asije akatoka pale kwa hofu na kuishusha sukari kwa pupa kwa mbinu zake mwenyewe, kwa kuwa inajulikana kwamba sukari iliyokuwa juu sana ikishushwa ghafla, retina inaweza kuzorota kwa muda kabla ya kupata nafuu. Kazi hiyo ifanywe pamoja na daktari wa kisukari, naye aambiwe kwamba macho yako yanatibiwa. Katika kliniki niliyotibiwa, aliyenitibu macho na aliyenipangia insulini hawakuwa wakipashana habari, na mjumbe pekee baina yao nilikuwa mimi, mgonjwa.

Kwa hayo yote, Mhariri, ninawaomba wanaosimamia kliniki za macho mambo ambayo naamini hayahitaji mashine mpya. Maelezo ya kupona yatolewe kabla ya matone kutiwa, mgonjwa akiwa bado anaweza kusoma na kuuliza, na ikiwezekana siku anayopangiwa kikao badala ya siku ya kikao chenyewe. Karatasi iandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwa kuwa inaandikwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri. Aliyemsindikiza mgonjwa aitwe ndani asikilize. Katika vikao vyangu vyote vinne dada yangu aliachwa nje akilinda mkoba wangu, wakati yeye ndiye aliyekuwa na macho na masikio yaliyotulia. Na juu ya yote, kabla ya mpigo wa kwanza, daktari au muuguzi amwulize mgonjwa swali hili: unatarajia nini baada ya leza? Jibu likiwa ni “nitaona vizuri zaidi,” basi hapo hapo aambiwe ukweli, kwamba lengo ni kulinda alichobaki nacho, kwamba huenda akaona vibaya kidogo kabla ya kutulia, na kwamba vikao vilivyosalia ni vya lazima hata kama macho yanamwambia vinginevyo.

Ninajua kliniki hizi zina wagonjwa wengi na wahudumu wachache, nami sina kinyongo na walionitibu, kwa kuwa mikono yao ndiyo iliyoyaokoa macho ninayoandikia barua hii. Dakika tano alizonipa daktari katika kikao cha tatu zingetolewa kabla ya kikao cha kwanza, zingekuwa dakika tano zilezile.

Wagonjwa wenzangu nao nawaomba wasione haya kuuliza ni vikao vingapi vimepangwa, ni lini mishipa itaangaliwa tena ili ijulikane kama imenywea, na ni namba gani ya kupiga dalili za hatari zikitokea usiku. Wenye kisukari ambao bado wanaona vizuri wasingoje ukungu ndipo waende kupimwa retina, kwa kuwa mishipa mibaya inaweza kuota kwa muda mrefu huku ubao wa herufi ukisomeka wote. Mwenye kisukari cha aina ya pili anapaswa kupimwa tangu anapogunduliwa na ugonjwa, na baada ya hapo kwa kawaida kila mwaka au kama daktari atakavyopanga.

Iwapo utaichapisha barua hii, ninawaomba wasomaji wako wenye mzazi au jirani aliyepigwa leza hivi karibuni wamsomee kwa sauti, kwa sababu huenda wiki hizi yeye mwenyewe hawezi kuisoma.

Ni mimi msomaji wako.